Mwalimu Aliyebana Mafuta ya Nazi

Nyumbani kwa Mwalimu hakuna aliyefunua sufuria kabla ya kusema kilichomo. Wali umeiva au bado? Umeshika chini au haukushika? Ilikuwa lazima useme kwa sauti, mbele ya watu, ndipo mkono wako uende kwenye kifuniko. Wageni walidhani ni mchezo wa mwanamke mzee anayeishi peke yake. Haukuwa mchezo. Ukikosea hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu, "Haya, sasa waujua umbali," yaani umbali kati ya ulichodhani na kilichopo. Lakini ukikataa kukadiria, ukasema "Tufunue tu tuone," aliweza kukunyima chakula. Mimi alininyima siku ya kwanza niliyokula kwake. Nilikaa na sahani tupu nikitokwa na jasho, watu wengine wakila, mpaka nikasema kwa sauti ndogo kwamba huenda wali umezidi maji. Ulikuwa umezidi.

"Umekufa?" akaniuliza, akanipakulia.

Naandika haya nikijua sitayaandika vizuri. Mimi ni mtu wa kufuta. Natengeneza simu mtaani Magongo, na hata skrini niliyoibadilisha vizuri naifungua tena mteja akishalala kwenye benchi, nihakikishe. Sikwenda chuo. Fizikia ninayoijua nimeiokota kwenye simu, video moja baada ya nyingine, na kila ninapoelewa jambo nahisi kuna somo lililotangulia ambalo wenzangu walilipata na mimi nilikosa. Picha hii ya Mwalimu nimeianza na kuifuta hata nimechoka na nafsi yangu. Sasa naiacha na makovu yake.

Alikuwa amestaafu nilipomjua. Alisomesha fizikia katika shule za sekondari za ng'ambo hii ya kisiwa kwa muda mrefu, hata Changamwe ikajaa watu wazima waliomwogopa. Nimemwona dereva wa trela, mtu mwenye kitambi na ndevu, akificha sigara nyuma ya mgongo alipomwona anavuka barabara.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Itakuunguza kiganja hiyo," akamjibu bila kugeuza shingo, akapita.

Alikuwa mcha Mungu, lakini hakupenda Mungu atumiwe kukwepa hesabu. Fundi wa gereji ya malori karibu na nyumbani kwake, Chaani, alimwambia siku moja kwamba kazi yake itakuwa tayari kesho, inshallah. "Inshallah nimeisikia, na amina," akasema. "Sasa nipe saa." Fundi akacheka, akajikuna kichwa, akatoa saa. "Naam," akasema Mwalimu. "Inshallah ni ya Mungu. Saa ni yako."

Alikuwa na msemo mwingine uliosambaa kuliko alivyotaka: "Moto peke yake hauyeyushi kitu, uliza kimebanwa kiasi gani." Mwanafunzi wake wa zamani aliuandika nyuma ya tuktuk, kwa rangi ya dhahabu, pamoja na picha ya simba. Watu wakaupenda. Wakadhani unahusu ndoa, au maisha ya kibarua. Mwalimu alipouona alisimama kando ya barabara akiwa amekasirika kwelikweli.

"Hiyo si methali," akaniambia. "Hicho ni chuma. Chuma kilichoko katikati ya dunia kina moto kama uso wa jua, na bado ni kigumu, hakikuyeyuka, kwa sababu dunia nzima imekikalia juu. Simba yuaingiaje hapo?"

Hilo ndilo lililokuwa swali la maisha yake: kitu kikibanwa sana kitayeyukia joto gani, na je, mtu aweza kulijua hilo kabla ya kukibana? Kabla, ndilo neno alilolipenda. Kueleza jambo likishatokea, alisema, hata mchawi aweza.

Sisi wa pwani sote twajua kwamba mafuta ya nazi huganda asubuhi za baridi ya kusi. Chupa inakuwa nyeupe kama samli, unaianika juani kidogo, unajipaka, unaendelea na shughuli zako. Mwalimu hakuweza kuendelea na shughuli zake. Ikiwa mafuta yanaganda kwa baridi, alijiuliza, basi yanaweza kuganda kwa kubanwa tu, mchana wa Februari, watu wakitafuta kivuli? Nilimuuliza kwa nini ahangaike na mafuta ilhali swali lake ni la chuma.

"Chuma nitakibana kwa nini, mwanangu?" akasema. "Kwa magoti?"

Namna yake ya kukadiria ilikuwa rahisi kiasi cha kunitia aibu, kwa kuwa nilikuwa nimeitazama kwenye simu mara nyingi bila kuielewa. Alitaka kujua mambo mawili tu: mafuta yanapoyeyuka yanavimba kiasi gani, na yanakula joto kiasi gani. Kitu kinachovimba kinapoyeyuka, ukikibana unakinyima nafasi ya kuvimba, kwa hivyo kinakataa kuyeyuka mpaka ukiongezee moto. Barafu ni kinyume chake, hunywea ikiyeyuka, kwa hivyo ukiibana unaisaidia. Alinionyesha hilo kwa bonge la barafu alilopewa na wauza samaki, akalitundikia waya wenye mawe pande mbili, na waya ukapita katikati ya bonge taratibu kama kisu kwenye halua, na bonge likabaki zima. Kisha akarudi kwa mafuta yake. Alipima kuvimba kwake katika bomba jembamba la kioo, na joto lake katika birika lililofungwa kwa blanketi kuukuu. Akaketi barazani, akapiga hesabu.

Kwa joto la mchana wetu, akasema, mpaka ni bar mia tatu za mbano. Geji ya jeki, ile saa yenye mshale wa kuonyesha mbano, ikiwa chini ya mia tatu mafuta yatakuwa majimaji; ikipita mia tatu yatakuwa magumu. Alilisema hilo ndani ya gereji, mbele ya fundi, madereva na mimi, kabla mkono wowote haujagusa jeki.

Fundi alikuwa amemtengenezea silinda kutokana na kipande cha chuma kinene, ametoboa tundu katikati na kuchonga pistoni ya kuingia humo bila kupwaya. Ndani yalitiwa mafuta ya nazi, silinda ikakalishwa kwenye karai la maji ili joto lisibadilike, na juu ya pistoni ikawekwa jeki ya malori yenye geji, vyote vikiwa ndani ya fremu ya chuma ili visiwe na pa kwenda.

"Mwalimu," akasema fundi, "jeki hii imezoea kuinua trela. Ukiipa mafuta ya kujipaka itadhani nimeishusha cheo."

"Iambie ni kwa siku moja tu. Piga pampu."

Hatukuweza kuona ndani ya chuma, lakini alitufundisha cha kutazama. Mafuta yakiganda hunywea, na yakinywea pistoni hupata nafasi. Kwa hivyo mshale wa geji unaopanda utarudi nyuma wenyewe, ingawa fundi anaendelea kupiga pampu. Tukatazama. Mia mbili. Mia tatu. Mshale ukapita mia tatu kama mgeni asiyejua nyumba. Mia nne. Mia tano. Karibu na mia sita ndipo uliposhtuka na kurudi nyuma. Yameganda. Fundi akaifungua skrubu ya jeki kwa mzungusho mmoja, jeki ikalia pshii, mshale ukaanguka mpaka sufuri.

Madereva walipiga makofi. Kwao mafuta kuganda adhuhuri ndani ya chuma yalikuwa maajabu tosha. Mwalimu hakupiga.

"Rudia," akasema.

Walirudia siku ile, na siku nyingine nyingi. Alibadilisha mafuta, akaleta ya kukamuliwa nyumbani, akaleta ya dukani. Akabadilisha raba ya pistoni. Akapima upya kuvimba, akapima upya joto, na kila mara hesabu yake ilimwambia mia tatu na jeki ikamwambia mia sita, pengine zaidi. Mwishowe, jioni moja, alisimama mbele ya geji akafuta miwani kwa ncha ya leso.

"Haya," akasema. "Sasa naujua umbali."

Jioni hiyo tulikula kwake, fundi na mimi, na alifunua sufuria mwenyewe bila kumuuliza mtu chochote.

Tangu hapo hakuficha. Kila kijana aliyekwenda kwake akitetemeka kwa ajili ya mtihani alisimuliwa: "Mimi nilikadiria hadharani, nikakosea kwa maradufu nzima. Na huniona hapa, nakunywa chai?" Nakiri kwamba kukosea kwake kulinifaa kuliko dawa. Nilikuwa namjua mtu mmoja duniani aliyekosea mbele ya watu na anga halikuanguka, na nilipoogopa kumrudishia mteja simu yake nilimkumbuka yeye na chai yake. Nilimshika kwa kosa lile kama mtu ashikavyo ukingo wa ngazi. Haikunipitikia kuuliza kama lilikuwa kosa kweli.

Lakini kuna aliyowaambia wanafunzi na kuna niliyoyaona. Vitabu vyake alivipeleka shule, vyote kwa siku moja, kwa mkokoteni. Birika akalirudisha jikoni. Akaanza kutazama tamthilia za mchana, yeye aliyekuwa akiita televisheni sanduku la watu wasiokadiria. Na siku moja, nikimtengenezea simu barazani, alisema bila mimi kuuliza chochote: "Nimewasomesha watoto wa watu kukadiria umri wangu wote. Na mimi mwenyewe sijui. Sasa niliwasomesha nini?"

Nilijibu upuuzi fulani kuhusu wanasayansi wakubwa waliokosea. Aliniangalia kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyehitaji kufarijiwa.

Alikuwa na ukaidi mwingine ambao sikuuelewa. Mwanamke aliyepima mafuta kwa tone hakukubali kamwe kupimwa sukari. Chai yake ilikuwa nzito kama shira, kiu ilimwamsha usiku, vidole vya miguu vilianza kufa ganzi, na mimi na fundi tukamsihi aende zahanati, ni tone moja la damu tu.

"Najua kipimo kitasema nini," akasema.

"Basi kadiria, kisha upime," nikamjibu kwa maneno yake mwenyewe.

"Usinisomeshe somo langu."

Kipimo, kilipofanywa hatimaye, kilisema kile alichojua. Mguu mmoja ulikatwa chini ya goti, macho yakafifia, na mdogo wake akaja kumchukua kumpeleka kwake Likoni. Nyumba ya Chaani ikapangishwa watu wengine. Silinda ilibaki gereji. Fundi aliitumia kuzuia mlango usifungwe na upepo, na kila nilipopita hapo niliiona, nikageuza uso.

Siku niliyoiokota ilikuwa Ijumaa. Fundi alikuwa anakwenda kuswali, gereji imetulia, na nikamwomba anikubalie nijaribu mara moja. Sikuwa na wazo lolote jipya. Nilikuwa nimemkumbuka tu. Aliniwekea kila kitu sawa, akaniambia nisikae mbele ya pistoni, akaenda.

Nilipiga pampu. Mia tatu, mia nne, mia tano, na karibu na mia sita mshale ukashtuka ukarudi, kama kawaida yake. Ikabaki kulegeza. Sasa, fundi hulegeza jeki kama afanyavyo fundi yeyote wa malori: dereva amewasha injini, anangoja, anapiga honi, kwa hivyo skrubu hufunguliwa kwa mzungusho mmoja, pshii, na kazi imekwisha. Hata Mwalimu hakuwahi kuuliza. Kwake kulegeza kulikuwa kufunga duka. Mimi naogopa jeki. Nimeona mtu aliyepondwa kidole nayo. Niliishika skrubu kwa spana kwa mbali, nikaizungusha kiasi cha unywele, nikangoja, nikazungusha tena kiasi cha unywele.

Mshale ulishuka pole pole. Mia tano. Mia nne. Ulipofika mia tatu na arobaini ulisimama. Nilikaza skrubu kwa hofu, nikatoa mikono. Na mshale, bila mtu kuigusa pampu, ukaanza kupanda.

Nilidhani nimeharibu kitu. Nilirudi nyuma mpaka ukutani. Ndipo nikaelewa, nikakaa juu ya tairi. Yalikuwa yanayeyuka. Mafuta yalikuwa yanayeyuka mle ndani na kuvimba, na kuvimba kwake kulikuwa kunaisukuma jeki ya malori.

Sisi tulikuwa tumepima wakati wa kupanda tu. Na mafuta yakiwa majimaji hayagandi pale pale yafikapo mpakani. Hukawia, hukaidi, yahitaji kusukumwa mbali kupita mpaka ndipo chembe ya kwanza igande na kuzivuta nyingine. Yakirudi hayakawii. Yakifika mpakani huyeyuka. Ile mia sita ilikuwa kipimo cha ukaidi wa mafuta. Mpaka wenyewe ulikuwa upande wa kushuka, na upande huo tuliupita kila siku kwa pshii moja.

Sikungoja fundi arudi. Mimi, nisiyeweza kupeleka ujumbe wa simu bila kuusoma upya, nilivuka kwa kivuko kwenda Likoni na kipimo kimoja tu, kisichorudiwa, mikono ikinuka grisi.

Mdogo wake alinifungulia. "Yuko macho," akasema, "lakini usimchoshe. Jana hakula."

Mwalimu alikuwa amelazwa karibu na dirisha. Alikuwa amekuwa mdogo. Alitambua hatua zangu kabla sijasema.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wahema. Nani amekufa?"

"Hakuna. Ni mafuta."

Nikamweleza, vibaya, nikianzia katikati na kurudi mwanzo. Alifumba macho. Nilidhani amelala mpaka akauliza, "Skrubu uliifungua vipi?"

"Pole pole."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Alhamdulillahi kwa woga wako," akasema. "Na mshale ulisimama wapi?"

"Mia tatu na arobaini."

Aliinua mkono, akaushusha. "Pistoni yanata. Ukipanda, geji yasoma zaidi ya kilichomo ndani, na ukishuka yasoma pungufu. Hiyo arobaini yako si kitu. Huenda ni zaidi."

"Lakini si mia sita, Mwalimu."

Nje mdogo wake alikuwa anamfokea kuku.

"La," akasema. "Si mia sita." Kisha, kwa sauti yake ya darasani: "Namba yangu ulikuwa waijua?"

"Ndiyo."

"Basi ulikuwa wanipenda ulipoisoma geji."

"Mshale haujui hayo."

"Mshale haujui. Jicho lajua. Mpe fundi asome. Yeye hakumbuki hata namba ya lori alilolitengeneza jana. Usimwambie ya kwangu, wala ya kwako. Wewe fungua skrubu, yeye aseme."

Nilifanya hivyo, baada ya mazishi yake. Fundi alisoma mia tatu na kumi, akaniuliza kama hiyo ni nzuri au mbaya. Lakini siku ile hatukuwa nayo. Siku ile kulikuwa na mimi tu na kipimo changu kimoja.

"Nilikuwa na jeki," Mwalimu akasema, si kwangu. "Nilikuwa na mafuta. Nilikuwa na macho. Kilichonizuia kupima kurudi ni nini? Hata mtu wa kwenda sokoni hurudi." Machozi yalimtoka upande wa uso uliolalia mto, na hakuyafuta. "Miaka yote ile, mwanangu, natazama tamthilia."

Nikasimama. Nilimwambia nikiondoka sasa hivi nitavuka na kumkuta fundi kabla hajafunga, na jioni hiyo hiyo nitamletea namba iliyo safi.

Alipapasa, akaupata mkono wa shati langu, akaushika.

"Kaa."

"Gereji itafungwa, Mwalimu."

"Ifungwe. Kesho utapima. Kipimo chako ni kibovu, kibovu kabisa, na ningekuwa darasani ningekupa sufuri." Hakuuachia mkono wa shati. "Lakini leo kaa hapo. Leo niache nikiamini."